Nani ashike sauti? Kununua kigeuzi cha muziki kati ya Goma na Rutshuru

Ampli ya Technics au Kenwood iliyonunuliwa enzi za kaseti inaweza kudumu miaka mingi ikipata fundi mwenye mkono mzuri. Ukiingia nyumba za Goma, Rubare au Kiwanja, si ajabu kuikuta bado juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, na mabafle mawili makubwa ya mbao pembeni. Umri haujaishinda. Kilichobadilika ni kwamba nyimbo zimehama. Franco na Tabu Ley waliokuwa kwenye sahani za santuri sasa wako ndani ya simu na kwenye flashi. Humo wamekuwa tarakimu, na ampli haisomi tarakimu. Inachojua ni umeme unaopanda na kushuka. Kati ya hivyo viwili lazima kiwepo kigeuzi, kile ambacho maboksi kutoka China yanakiandika kwa herufi tatu: DAC.

Muuzaji wa Birere, mjini Goma, atakuuliza una simu gani, televisheni yako ni ya aina gani, mfukoni una dola ngapi. Atakuonyesha boksi linalong'aa na kusema, "Papa, hii ni orijino, chukua tu." Swali moja hataliuliza, nalo ndilo lenye pesa ndani yake: usiku watoto wakilala na unataka kupunguza sauti, mkono wako utakwenda wapi? Kwenye simu? Kwenye kigeuzi? Kwenye ampli? Au unataka rimoti ukiwa umekaa? Anayejibu swali hilo kabla ya kulipa hugundua mara nyingi kwamba kifaa anachohitaji ni cha bei nafuu kuliko alichoonyeshwa. Asiyelijibu hununua vifaa viwili vyenye vitufe vitatu vya sauti vinavyopigana.

Magazeti ya Ulaya yanayopima vifaa hivi huchukulia kwamba umeme upo saa zote. Huku kwetu hesabu inaanzia hapo hapo. Rutshuru ilipata umeme wa maana baada ya mtambo wa Matebe, kwenye mto Rutshuru, kufunguliwa Desemba 2015. Unazalisha takriban megawati 13, na nguzo za Virunga Energies zilileta mwanga Rutshuru na Kiwanja, baadaye zikafika Goma. Goma kwenyewe kuna SNEL, na tangu 2020 kuna pia kituo cha umeme wa jua cha Nuru chenye megawati 1.3. Hata hivyo mapigano yamekata nyaya zaidi ya mara moja, na hata siku za utulivu umeme huondoka bila kuaga na kurudi kwa kishindo. Kwa hiyo, kabla hujauliza ndani ya kigeuzi mna chipu gani, uliza hivi: umeme ukirudi saa nane za usiku, sauti itakuwa wapi?

Nitarudi kwenye swali hilo, maana ndilo linaloua mabafle. Kwanza tuanze na njia isiyogharimu kitu.

Nyumba nyingi zinazotaka kununua kigeuzi zina viwili au vitatu tayari, ila vimevaa majina mengine. Dekoda ya Canal+ au StarTimes ina kigeuzi ndani. Kama nyuma yake kuna tundu nyekundu na nyeupe, waya mmoja kutoka hapo hadi kwenye tundu la AUX la ampli unatosha. Mashine ya DVD, ile iliyowekwa pembeni tangu watu waanze kutazama filamu kwenye simu, ni bora zaidi. Nyingi zina tundu la flashi kwa mbele, zinasoma MP3, zina rimoti, na tundu zake nyekundu na nyeupe hutoa hadi volti 2, kiwango kile kile ambacho mashine za CD zimekitumia tangu CD zilipoingia sokoni 1982. Sina aibu kusema kwamba kwa mtu wa Kiwanja mwenye flashi iliyojaa rumba, DVD ya zamani ndiyo ununuzi bora wa mwaka, kwa sababu hununui chochote. Kasoro yake ni kuhangaika na orodha ya nyimbo bila kuwasha televisheni. Mtu akishajua folda zake kwa namba, kasoro hiyo inaisha.

Simu yenye tundu la spika za masikioni nayo ni kigeuzi kamili. Tecno, Itel na Infinix nyingi za bei ya chini bado zina tundu hilo, wakati simu za bei kubwa zimelifuta. Waya wenye pini ndogo upande mmoja na vichwa viwili, chekundu na cheupe, upande wa pili ni bei ya soda chache. Weka sauti ya simu karibu na mwisho, lakini si mwisho kabisa, kwani simu nyingine hukwaruza zikifika kileleni. Kisha iache hapo, na kupandisha na kupunguza ufanye kwenye ampli. Hiyo ndiyo kanuni inayofaa karibu kila mahali katika makala haya: chanzo kiwe juu, ampli ndiyo ipunguze. Ukifanya kinyume, simu ikiwa chini na ampli ikiwa juu, unakuza pia kelele ya waya na ya simu yenyewe, na utasikia "shhh" kati ya wimbo na wimbo.

Hapo gharama ni sifuri, au karibu na sifuri. Je, mtu anayeongeza dola 10 anapata nini?

Anapata njia kwa simu isiyo na tundu. Adapta ndogo ya USB-C ina kigeuzi ndani ya kichwa chake. Ile ya Apple huuzwa dola 9 Marekani na imepimwa na wataalamu wengi wakashangaa jinsi ilivyo safi. Inatoa takriban volti 1, inayotosha ampli yoyote ya nyumbani. Lakini wenye simu za Android wajihadhari: kwenye simu nyingi za aina hiyo, adapta ya Apple huanza na sauti iliyobanwa, na hata ukipandisha hadi mwisho inabaki ndogo. Kuna programu za kucheza muziki zinazoifungua. Mtu asiyetaka mambo hayo achukue adapta ya kampuni nyingine. Mtego mwingine ni mkubwa kuliko huo. Sokoni kuna adapta za USB-C zisizo na kigeuzi chochote ndani. Ni waya mtupu, unaofanya kazi tu kwenye simu zilizotengenezwa kupitisha sauti moja kwa moja kwenye tundu la USB. Kwa nje huwezi kuzitofautisha na zenye chipu. Bei ya waya mtupu ni ndogo kidogo, na ukifika nayo Rutshuru ikanyamaza, tofauti hiyo ya bei haitalipa hata robo ya nauli ya kurudi Goma.

Televisheni ina mambo yake. Televisheni bapa nyingi zina tundu dogo la mraba lililoandikwa OPTICAL, lenye kifuniko cha plastiki, na ukiliangalia wakati inawaka unaona mwanga mwekundu. Toshiba ndiyo iliyoanzisha waya huo wa mwanga mwaka 1983. Faida yake kwa mji kama Goma ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Sauti inapita kama mwanga ndani ya uzi wa plastiki, hivyo hakuna shaba inayounganisha televisheni na ampli, na ule mlio wa "uuuu" unaozaliwa vifaa viwili vinapounganishwa na umeme wenye matatizo hauna mahali pa kupita. Goma imesimama juu ya mawe ya Nyiragongo. Kuchimbia fimbo ya ardhi kwenye lava ni kazi ya nyundo na laana, na hata ikiingia, jiwe kavu halipitishi umeme vizuri. Nyumba nyingi hazina ardhi ya kweli kwenye prizi zao, kwa hiyo mlio ni wa kawaida. Rutshuru kwenye udongo mzito fundi anaweza kukuchimbia ardhi nzuri kwa nusu siku.

Kigeuzi cha waya wa mwanga kisicho na jina, kiboksi cheusi chenye ukubwa wa kiberiti, huuzwa chini ya dola 10 kwenye maduka ya mtandaoni. Cha FiiO kinachoitwa D03K kiko karibu na dola 30. Je, tofauti ya dola 20 inasikika? Kwa habari, mpira na filamu za usiku, sisikii sababu ya kulipa zaidi. Kwa anayekaa na kusikiliza muziki, cha FiiO kina utulivu zaidi kati ya nyimbo na boksi la chuma lisilopasuka. Vyote viwili vinakula volti 5, hivyo unaweza kuvipa umeme kutoka tundu la USB la televisheni yenyewe: ikiwaka navyo vinawaka. Ukisikia mlio mwembamba kwa njia hiyo, vihamishie kwenye chaja ya simu.

Kuna mambo mawili ambayo huwarudisha wateja dukani wakidai wameuziwa kitu kibovu, wakati kifaa ni kizima. La kwanza ni kwamba televisheni nyingi hutoka kiwandani zikitoa sauti ya Dolby kwenye tundu hilo, na vigeuzi hivi vidogo haviijui Dolby. Vitanyamaza, au vitatoa mngurumo kama wa redio isiyo na stesheni. Dawa yake ni bure: ingia kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni, chagua PCM. La pili linahusu swali letu la mwanzo. Kwa televisheni nyingi, tundu la mwanga hutoa sauti isiyobadilika. Utabonyeza rimoti, namba itapanda kwenye skrini, bafle halitatikisika. Sauti sasa iko mikononi mwa ampli peke yake, na kama ampli yako ni ya enzi za kaseti bila rimoti, basi kila tangazo la kelele utainuka. Wengine hawajali. Wengine, hasa wazee wenye magoti mabaya, watajuta jioni ya kwanza. Kwao tundu la spika za masikioni la televisheni, linalofuata rimoti, ni bora kuliko kigeuzi cha dola 30, ingawa mtaalamu atakunja uso.

Bluetooth nitaipita haraka. Kipokezi chenye vichwa vyekundu na vyeupe ni cha bei ndogo, nacho ni kigeuzi vilevile. Watu huambiwa kinaharibu muziki. Njia yake ya kawaida hubeba hadi takriban kilobiti 328 kwa sekunde, na nyimbo nyingi zinazojazwa kwenye kadi za simu kwenye vibanda vya sokoni ni MP3 za kilobiti 128. Mlango ni mpana kuliko mgeni. Usumbufu wake ni wa sauti: vipokezi vingine hutii kitufe cha simu, vingine vina sauti yao ya pembeni, na ukiwa na ampli hapo mbele una vitufe vitatu mfululizo. Pandisha viwili vya kwanza, usiviguse tena.

Sasa tufike kwenye vigeuzi vya dola 80 hadi 130, vile ambavyo vijana wa studio na wapenzi wa rumba hutamani. Schiit ya Marekani ilianza kuuza Modi kwa dola 99 mwaka 2012. Topping ilileta E30 mwaka 2020 kwa takriban dola 130, na SMSL ina SU-1 iliyo karibu na dola 80. Zote ni safi kupita uwezo wa sikio katika sebule yenye paa la bati. Tofauti yao ya kweli iko kwenye kitufe. Modi na SU-1 hazina sauti ya kupandisha. Hutoa volti 2 tu na kukuachia ampli. E30 ina rimoti na inaweza kupunguza sauti yenyewe, hivyo inaweza kuunganishwa moja kwa moja na ampli ya nguvu isiyo na kitufe.

Watu wana hofu kwamba kupunguza sauti ndani ya kigeuzi kunaondoa uzuri wa muziki. Hofu hiyo ina msingi, lakini hesabu inaipunguza. Kila unaposhusha sauti desibeli 6 kwa tarakimu, unapoteza biti moja. Muziki wa CD una biti 16, sawa na takriban desibeli 96 kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini. Kifaa cha zamani kinachofanya hesabu yake kwa biti 16 tu, ukishusha desibeli 30, unabaki na biti 11, yaani desibeli 66 hivi, na kwenye chumba kimya utaanza kusikia ukavu. Kigeuzi cha biti 24 kina biti 8 za akiba, desibeli 48, kabla hakijaanza kugusa muziki wenyewe. Kwa hiyo kwa vifaa vipya hoja hiyo imekufa. Na mvua ya Rutshuru ikianza kupiga bati, hakuna biti itakayokuokoa.

Hoja iliyo hai ni ile ya umeme. Chukua ampli ya nguvu, kama zile za kanisani, vitufe vyake vya mbele vimefunguliwa vyote. Nyingi hukuza mara 20 au zaidi. Zipe volti 2, zitajaribu kutoa volti 40, na kwenye bafle la omu 8 hiyo ni wati 200. Bafle la nyumbani la wati 30 halina sekunde nyingi za kuishi hapo. Spika ndogo ya juu ndiyo hufa kwanza. Sasa fikiria umeme umekatika ukiwa umepunguza sauti kwa rimoti ya kigeuzi, kisha ukarudi. Kuna vigeuzi vinavyokumbuka mahali ulipoviacha. Kuna vingine huamka vikiwa juu kabisa, hasa vilivyowekwa kwenye hali ya kutoa sauti isiyobadilika. Kompyuta nayo inaweza kupiga mlio wake wa kuamka kwa nguvu zote. Kwa sababu hiyo, kwa nyumba inayotegemea waya wa Matebe au wa SNEL, mimi nasema wazi: sauti ishikwe na kitu cha mkono, kitufe kinachozungushwa na kubaki pale kilipoachwa, umeme uwepo usiwepo. Ampli ya zamani inafanya hivyo bure. Mwenye ampli ya nguvu tupu azungushe chini vitufe vyake vya mbele mara moja, hadi kigeuzi kikiwa juu kabisa bafle liwe na sauti ya kuvumilika, kisha avibandike utepe.

Ajabu ni kwamba wenye ampli za zamani hukutana na tatizo la upande mwingine: sauti ni kubwa mno mapema mno. Ukigusa kitufe kidogo tu nyumba inatetemeka, na ukikishusha zaidi upande wa kushoto unanyamaza kabla ya kulia. Sababu ni kwamba tundu la AUX la wakati ule lilitarajia takriban volti 0.2, na kigeuzi kinaleta 2, mara kumi zaidi. Kitufe kinalazimika kufanya kazi kwenye sehemu yake ya chini kabisa, ambako pande zake mbili hazilingani. Maduka ya mtandaoni huuza vipunguzi vya kuchomeka kwa bei ya chakula cha familia. Fundi yeyote wa redio anaweza kukutengenezea kwa rezista nne: kwa kila upande, kiloomu 10 kwenye njia ya sauti, kisha kiloomu 2.2 kutoka hapo hadi kwenye waya wa nje. Inashusha takriban desibeli 15, na kitufe chako kinarudi kufanya kazi katikati, mahali kilipotengenezewa. Gharama ni rezista, risasi kidogo, na heshima ya fundi.

Tukiwa bado kwa fundi: tundu lililoandikwa PHONO si la kigeuzi. Lile ni la sindano ya santuri, linakuza takriban desibeli 40 na kupinda besi kwa kanuni ya mwaka 1954; ukiingiza volti 2 hapo utapata mngurumo tu. AUX, CD, TUNER na TAPE zinafaa, ila kwa TAPE bonyeza kitufe cha TAPE MONITOR, la sivyo utamlaumu muuzaji bure. Philips na Grundig za zamani zina tundu la duara lenye pini tano. Waya wake hauuzwi kila mahali, lakini unatengenezeka: pini 3 na 5 huingiza sauti, pini 2 ni waya wa nje.

Na kama kitufe cha ampli kinakwaruza, usikimbilie kigeuzi chenye rimoti ili kukikwepa. Ni vumbi, na vumbi jeusi la Goma ni unga wa lava, halina huruma. Dawa ya kusafishia na mizunguko kadhaa vinatosha mara nyingi. Vikishindwa, kitufe kipya kinabandikwa kwa risasi. Hii ndiyo tofauti ya bei ambayo haiandikwi kwenye boksi lolote: sehemu za ampli ya zamani fundi wa Kiwanja anaweza kuzitengeneza, lakini chipu ya kigeuzi iliyobandikwa na mashine, ikiungua kwa umeme uliorudi na kishindo, inatupwa. Mwenye dola 130 atoe sehemu yake kwa stabilizateri nzuri kabla ya kufikiria chipu.

Nyumba za vijijini zinazoishi kwa jua zina hesabu tofauti kabisa. Ampli kubwa ya zamani inakula makumi ya wati hata ikisikilizwa polepole, na ikipitia inveta inakula zaidi. Huko ningeiacha. Bodi ndogo za ampli zenye chipu TPA3116 zinakubali umeme kuanzia volti 4.5 hadi 26, yaani unaifunga moja kwa moja kwenye betri ya volti 12. Kwa volti hizo itatoa takriban wati 9 kwenye bafle la omu 8, au mara mbili yake kwenye omu 4, na bafle kubwa la mbao lenye karatasi nzuri litakushangaza kwa wati hizo. Aiyima na Fosi huziuza ndani ya boksi safi lenye kitufe. Fosi BT20A yenye Bluetooth ndani iko karibu na dola 70, na bodi tupu ni sehemu ndogo ya bei hiyo. Tahadhari moja tu: ukichaji simu kwenye betri ile ile inayoendesha ampli, huku simu imeunganishwa kwa waya, utasikia mlio. Chomoa chaja, au tumia Bluetooth, mlio unaisha.

Kwa asiye na ampli wala bafle, kununua kipande kimoja kimoja ni hasara. Mabafle yenye ampli na kigeuzi ndani, kama Edifier R1280DB, hupatikana ng'ambo kwa takriban dola 130 hadi 150. Yana tundu la mwanga, Bluetooth, wati 21 kila upande, na rimoti inayofanya kazi kwa kila chanzo. Sabufa zenye taa za rangi zinazojaa Birere ni nafuu kuliko hapo na zina kishindo zaidi, lakini besi yake inafunika maneno. Anayesikiliza Radio Okapi asubuhi atataka kusikia maneno.

Bei zote nilizotaja ni za mbali. Njia ya kuja ndiyo inayoamua. Mzigo wa Kampala hupita Kisoro na Bunagana, kisha Rutshuru, ndipo ufike Goma. Mteja wa Rutshuru mara nyingine hununua Goma kitu kilichopita mbele ya mlango wake. Bunagana ilitwaliwa Juni 2022, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mapigano yalipofika mjini Januari 2025, na benki nazo zikafunga milango. Tangu hapo kila kifaa kimebeba juu yake ushuru wa njiani na subira ya mwenye gari. Kigeuzi kidogo kinaingia mfukoni mwa mtu anayevuka Petite Barrière kutoka Gisenyi, kwa hiyo bei yake haipandi sana. Mabafle mazito yanalipa kwa kilo. Garanti ya kiwanda haivuki mpaka. Noti ya dola yenye mkato mdogo inakataliwa hata na muuzaji aliyekuwa akikubembeleza, kwa hiyo wengi hulipa kwa M-Pesa au Airtel Money na kubaki na ujumbe wa simu kama risiti yao pekee.

Ndiyo maana jaribio linafanyika dukani, kabla ya pesa kutoka. Nenda na simu yako mwenyewe, si ya muuzaji, na wimbo mmoja unaoujua vizuri, uwe na sehemu ya gitaa peke yake ambapo kelele ya chini inasikika. Omba kiunganishwe na ampli iliyoko dukani. Punguza sauti kwa njia ile utakayotumia nyumbani. Kisha chomoa kifaa kwenye umeme, hesabu hadi kumi, ukichomeke tena huku mkono wako uko tayari kwenye kitufe cha ampli. Kama kimerudi kikiwa juu kuliko ulivyokiacha, kirudishe kwenye boksi lake na uombe kile cha bei ndogo kisicho na kitufe.